Viwanja vya vyuo vipanuliwe, lakini majirani wasikilizwe kwanza

Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinataka viwanja vya michezo vikubwa na bora zaidi, na sababu wanazo. Tangu Septemba 27, 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, habari za viwanja zimetoka kurasa za michezo na kuingia katika bajeti za serikali. Ujenzi wa viwanja vipya umeshuhudiwa Arusha, Nairobi na Hoima. Mashindano ya aina hiyo huhitaji pia viwanja vya mazoezi, na katika miji mingi ardhi pana iliyo wazi, yenye hati na uzio, ni ya vyuo.

Kwa hiyo madiwani na maofisa mipango miji wa ukanda huu watarajie kuona maombi ya namna hiyo mezani mwao: chuo kinataka kuongeza kiwanja, kujenga jukwaa la watazamaji, kufunga taa za usiku au kutandaza nyasi bandia. Ombi kama hilo lina mvuto wake. Nani atapinga michezo? Nani atataka kuonekana adui wa vijana? Hapo ndipo kuna hatari kwamba halmashauri itapiga muhuri haraka, majirani wakapata habari siku tingatinga linapoangusha mti wa kwanza.

Muda wa halmashauri kupitia ombi ndio muda pekee ambao mwananchi anayeishi kando ya uwanja ana nguvu ya kujadiliana na chuo. Kibali kikishatolewa, chuo hakina tena haja ya kumsikiliza. Atabaki na barua za malalamiko, na huenda kesi ya miaka mingi asiyoweza kuilipia wakili. Halmashauri inayopitisha ombi bila kuuliza maswali inakuwa imemnyang'anya mkazi huyo nafasi ambayo hairudi tena.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Mfano mmoja uliojadiliwa hadharani kwa zaidi ya mwaka unatoka Evanston, mji wa watu wapatao 78,000 ulio kaskazini mwa Chicago, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Unafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu unaonyesha faida ya mapitio ya serikali ya mtaa na pia upungufu wake.

Evanston na Chuo Kikuu cha Northwestern vimekua pamoja. Chuo kilianzishwa mwaka 1851, na mji ukapewa jina la John Evans, mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1855 jimbo lilikipa chuo msamaha wa kodi ya mali, na mwaka 1879 Mahakama Kuu ya Marekani ikauthibitisha. Ndiyo maana hadi leo wakazi wengi wa Evanston hunung'unika kwamba chuo chenye utajiri mkubwa kinatumia barabara, polisi na zimamoto za mji bila kuchangia kama mwenye nyumba wa kawaida anavyochangia. Wananchi wa miji ya vyuo katika Afrika Mashariki wanaujua mnung'uniko huo.

Uwanja wa soka la Kimarekani wa chuo hicho, uliofunguliwa mwaka 1926 na baadaye kuitwa Ryan Field, uko katikati ya makazi ya watu. Hospitali ya Evanston iko mitaa michache tu kutoka hapo. Mwaka 2021 familia ya Ryan ilitangaza mchango wa dola milioni 480 kwa chuo, sehemu yake ikiwa ya uwanja. Mwaka uliofuata chuo kikatangaza mpango wa kubomoa uwanja wa zamani na kujenga mpya kwa takriban dola milioni 800. Watazamaji wangepungua kutoka 47,130 hadi 35,000. Kwa hesabu hiyo, jirani angetegemea kupata nafuu.

Mgogoro ulizuka kwenye ombi la pili lililoambatana na la kwanza. Chuo kilitaka kanuni za matumizi ya ardhi zibadilishwe ili uwanja uweze kuwa na matamasha ya muziki ya biashara. Timu ya chuo hucheza nyumbani mechi chache tu kwa mwaka, na uwanja wa gharama hiyo ukikaa mtupu ni hasara. Hoja hiyo ya kibiashara ina mantiki. Lakini kwa anayeishi ng'ambo ya barabara, mechi za mchana wa Jumamosi katika msimu mmoja ni jambo moja, na muziki wa usiku mbele ya maelfu ya watu ni jambo jingine kabisa.

Kwa kuwa chuo kilihitaji ruhusa ya mji, kililazimika kuzungumza. Vikao vilifanyika hadharani. Wakazi waliuliza kuhusu kelele, maegesho, takataka na njia ya magari ya wagonjwa. Wafanyabiashara na vyama vya mafundi nao walisimama kutetea ajira. Idadi ya matamasha ilipunguzwa hadi 6 kwa mwaka, kila moja likiwa na watu wasiozidi 28,500. Idadi hiyo bado ni kubwa, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mji mzima kukusanyika mtaa mmoja, lakini ina kikomo kilichoandikwa. Chuo pia kiliingia katika hati ya makubaliano na mji yenye ahadi za zaidi ya dola milioni 150.

Tume ya Matumizi ya Ardhi ya mji, ambayo kazi yake ni kushauri, ilipendekeza ombi la matamasha likataliwe. Baraza la mji halikufuata ushauri huo. Usiku wa Novemba 20, 2023, wajumbe waligawanyika 4 kwa 4 kuhusu matamasha, baada ya mjumbe mmoja ambaye ni mwajiriwa wa chuo kujiondoa katika uamuzi. Meya Daniel Biss akapiga kura ya kuvunja sare, na ombi likapita 5 kwa 4. Kundi la wakazi likaenda mahakamani. Uwanja wa zamani ukabomolewa mwaka uliofuata.

Watu wa Evanston hawakukubaliana kuhusu maana ya usiku ule, na huenda hawatakubaliana kamwe. Waliounga mkono waliona mji umepata mapato, ajira na mchango ambao chuo kisingeutoa kwa hiari. Waliopinga waliona baraza limeweka bei kwenye utulivu wa watu wachache na kuiuza. Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, jirani aliyeshindwa usiku ule alijua nani alipiga kura gani, matamasha ni mangapi na chuo kimeahidi nini. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, jirani wa uwanja wa chuo hana hata moja kati ya hayo matatu.

Halmashauri za ukanda huu zina mambo manne ya kujifunza hapo.

La kwanza ni kutenganisha michezo na biashara. Ombi likisema "upanuzi wa uwanja wa michezo", diwani aulize uwanja huo utatumika kwa nini siku ambazo wanafunzi hawachezi. Je, utakodishwa kwa matamasha, mikutano ya kisiasa, mahubiri ya hadhara au sherehe za harusi? Vyuo vinahitaji mapato, na kukodisha uwanja si dhambi. Lakini kibali cha michezo kisigeuzwe kimyakimya kuwa kibali cha ukumbi wa starehe. Kama chuo kinataka vyote viwili, kiombe vyote viwili, na kila kimoja kijadiliwe peke yake.

La pili ni maslahi. Katika mji wa chuo, ni kawaida diwani kuwa mhadhiri, mzabuni wa chakula, mwenye hosteli au mkandarasi wa chuo hicho hicho. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya. Linamfanya kuwa mtu asiyepaswa kupiga kura siku hiyo. Mjumbe wa Evanston aliyejiondoa aliacha pengo lililosababisha sare, lakini aliacha pia uamuzi ambao hakuna anayeweza kuutia doa kwa jina lake.

La tatu ni maandishi. Mali bila daftari huisha bila habari, na ahadi ya mdomo huisha hivyo hivyo. Chuo kikisema watoto wa mtaa wataruhusiwa kucheza, iandikwe ni siku zipi na saa ngapi. Kikisema taa zitazimwa, iandikwe saa. Kikisema vijana wa eneo watapewa kazi, iandikwe ni wangapi na nani atahesabu. Sharti lisilo na msimamizi wala adhabu ni pambo tu la kibali.

La nne linahusu mipaka, na gazeti lolote la jumuiya haliwezi kulipita. Uwanja wa Ryan Field uko karibu kabisa na mpaka wa mji jirani wa Wilmette. Wakazi wa Wilmette wangesikia muziki ule ule na kukwama katika foleni ile ile, lakini hawakuwa na kura katika baraza la Evanston. Katika Afrika Mashariki hali ya namna hiyo inaweza kutokea kati ya kata na kata, wilaya na wilaya, au hata nchi na nchi, kwa kuwa ipo miji ya mpakani inayoishi kama mji mmoja. Maji ya mvua, vumbi na sauti havisimami kwenye kizuizi cha forodha. Halmashauri inayopitia ombi ina wajibu wa kuwaalika majirani wa upande wa pili, hata kama hawapigi kura kwake.

Sheria za nchi hizi hazikosi nafasi ya kufanya kazi hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala katika kifungu cha 10, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa serikali ya kaunti mamlaka ya kutoa au kukataa ruhusa ya uendelezaji. Tanzania ina Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Uganda ina Sheria ya Mipango ya 2010, iliyounda kamati za mipango katika wilaya, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. Kwa maneno mengine, anayesema halmashauri haina meno katika suala hili hajasoma sheria au hataki zisomwe.

Sheria ya Kenya ina kipengele ambacho kila kaunti inapaswa kukikumbuka. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Lengo lake ni zuri, kumlinda mwombaji dhidi ya faili kukalishwa kabatini. Lakini kipengele hicho kinamaanisha pia kwamba ofisa mzembe anaweza kuidhinisha jukwaa la watu maelfu kwa kukaa kimya tu, na hapo hakuna mwananchi atakayekuwa ameulizwa chochote.

Sharti wakaguzi wajue pia la kuuliza, kwa sababu kiwanja kinaonekana kitu chepesi kwenye ramani. Kiwanja cha soka cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu wakati wa masika, humwaga hapo lita 357,000 za maji. Hayo ni karibu maboza 36 ya lita 10,000. Ardhi yenye nyasi na miti hunywa sehemu ya maji hayo. Ikisawazishwa, ikashindiliwa na kuwekewa mifereji ya kuyaondoa haraka, maji yatatafuta pa kwenda, na mara nyingi mabondeni chini ya chuo ndiko kuna nyumba za watu wa kipato kidogo. Ukiongezwa mzunguko wa riadha wa mita 400 wenye njia 8, eneo lote hufika karibu hekta 1.6. Swali la kwanza la mhandisi wa halmashauri liwe: mtaro unaishia wapi, na nani analipia kalavati?

Nyasi bandia nazo zina maswali yake. Hazihitaji kumwagiliwa kama nyasi za asili na huvumilia mechi nyingi, ndiyo maana zinapendwa. Lakini hupata joto kali juani, huchakaa na kulazimu kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na chembe ndogo za mpira zinazomwagwa katikati ya majani yake husombwa na maji. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuzuia uuzaji wa chembe hizo kwa viwanja baada ya kipindi cha mpito cha miaka 8. Bidhaa inayofungiwa mlango kwingine hutafuta soko lingine. Halmashauri inayoidhinisha uwanja wa aina hiyo iulize mapema mzigo wa zamani utatupwa dampo gani.

Lipo pia suala la njia. Katika miji mingi, uwanja wa chuo ndio njia ya mkato ya mama anayekwenda sokoni na mtoto anayekwenda shule. Jioni ndipo vijana wa mtaa wanapocheza, kwa sababu kiwanja chao kiligeuzwa kuwa maduka. Upanuzi ukija na ukuta na mlinzi, mtaa unapoteza kitu ambacho hakimo katika hati yoyote lakini kimekuwapo kwa miaka mingi. Ombi la chuo lisemwe wazi: watu hao watapita wapi, na vijana hao watacheza wapi?

Ni haki kusikiliza malalamiko ya vyuo pia. Wakuu wa vyuo wana sababu ya kuogopa neno "mapitio", kwa maana katika ofisi nyingi za mitaa neno hilo limekuwa jina jingine la kuzungushwa. Faili hupotea, kikao huahirishwa, na mwombaji hudokezwa kwamba mambo yangekwenda kasi kama angeelewa. Mfadhili aliyeahidi fedha hawezi kungoja milele. Wanafunzi wanaokimbia leo kwenye uwanja wenye mashimo watakuwa wamehitimu kabla diwani hajafungua bahasha. Michezo ya vyuo imelea wanariadha na wachezaji wanaozipa heshima nchi hizi, na kuikwamisha kwa urasimu ni kosa.

Dawa ya urasimu ni uwazi na muda maalumu. Ombi libandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na mlango wa chuo siku linapopokewa, kwa Kiswahili na lugha nyingine inayoeleweka na wakazi. Michoro ionekane bila malipo. Kikao cha hadhara kifanyike jirani na uwanja wenyewe, jioni au mwishoni mwa juma, ili anayefanya kibarua aweze kuja. Uamuzi utolewe ndani ya muda uliotangazwa, kura zihesabiwe kwa majina, na sababu ziandikwe. Utaratibu huo ukifuatwa, hakuna anayepata nafasi ya kuuza kasi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mchango hapa bila kuingilia mamlaka ya halmashauri yoyote. Mkataba wake unataja ushirikiano unaojali watu miongoni mwa kanuni za utendaji, na una sura nzima kuhusu mazingira na maliasili. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala, lingeweza kuandaa mwongozo mmoja mfupi kwa wanachama wake: mambo ambayo chuo kinapaswa kuwaeleza majirani kabla ya kupeleka ombi la uwanja. Wanafunzi wa ukanda huu hushindana michezoni kuvuka mipaka. Si vigumu vyuo vyao kukubaliana pia jinsi ya kuishi na majirani.

Chuo chenye nia njema hakina cha kupoteza kwa utaratibu huo. Jirani aliyeulizwa mapema huwa mlinzi wa uwanja, huwa shabiki wa timu, na mwanawe huenda akasajiliwa humo baadaye. Jirani aliyedharauliwa hukumbuka kila tone linaloingia kwake na kila usiku aliokosa usingizi, na siku chuo kitakapohitaji rafiki katika baraza hakitampata.

Kabla timu hazijawasili mwaka 2027, halmashauri zipitie upya orodha ya maombi ya viwanja yaliyo mezani mwao. Kila ombi ambalo majirani hawajaulizwa lirudishwe kwao sasa, wakati michoro bado ni karatasi na kufuta mstari mmoja hakugharimu kitu.